Nilifundisha Idjwi miaka tisa bila kuikanyaga

Kila mwezi wa kumi naichora Idjwi ubaoni. Nimeizoea hata naweza kuichora nikiwa nimewageukia wanafunzi: kwanza Ziwa Kivu, refu, limebanwa kiuno huku kusini, kisha katikati yake kisiwa, kama samaki aliyepinda mgongo. Chini naandika yale yale. Kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Ziwa Victoria. Teritwari (kama wilaya) ya Kivu Kusini, huku Kongo. Shefri (maeneo ya machifu) mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Makao makuu Bugarula. Watoto wanakopi, wanapiga mstari kwa biki nyekundu, na mwezi wa kumi na mbili nawarudishia swali hilo hilo kwenye mtihani.

Mwaka wa 2022, katika darasa la nane, kijana mmoja wa benchi la nyuma alinyosha kidole. Ni mtoto asiyesema. Nikadhani anaomba kutoka nje.

"Madamu, kule mulishafikaka?"

Nikasema bado. Hakucheka. Aliniangalia kwa huruma fulani, kama unavyomwangalia mgeni aliyeshuka kwenye kituo kisicho chake, halafu akasema taratibu: "Ndiyo maana kule chini hamukuchora muzuri."

Wenzake ndio waliocheka, na mimi pamoja nao, lakini jioni neno lile lilinifuata hadi nyumbani. Sisi tunakaa Bagira, hapa Bukavu. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu, naiona Idjwi nikianika nguo. Nilizaliwa nikiiona. Kigali nimefika, Uvira nimefika, Lubumbashi nimefika kwa ndege kwenye harusi ya binamu, na kile kisiwa cha mbele ya kamba yangu ya nguo sijawahi kukikanyaga. Tuseme ukweli, watu wa Bukavu ziwa tunaligeuzia mgongo. Tunajua bei ya sambaza, wale samaki wadogo, tunajua nyumba gani ya Muhumba ina bustani hadi majini, basi. Mimi hata kuogelea sijui.

Yule kijana anasomea kwa shangazi yake huko Kadutu, mama muuza mananasi ambaye karibu kila juma anavuka kwenda kuyachukua. Siku ya kutoa bulteni za matokeo alikuja, nikamsimulia. Akapiga makofi. "Madamu, likizo kubwa unakuja na siye. Utalala kwa mama yangu." Sikujua kama ni adabu tu. Mwezi wa nane wa 2023 akanipigia simu: kesho, saa kumi na moja na nusu asubuhi, bandarini.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mota moja nyuma na turubai ya bluu juu. Ndani tulikuwa sisi, magunia ya unga, kreti za soda, godoro mbili, mbuzi mmoja aliyekuwa anarudi kisiwani baada ya kukosa mnunuzi, na mzee mmoja aliyelala kabla hatujaondoka. Nilitafuta jile, lile koti la kuelea majini. Kijana wa boti akanionyesha tano zimefungwa juu kwa kamba, kama mapambo. Nikamwambia anishushie moja. Shangazi akaniambia kwa sauti ya chini nisione haya, yeye pia ana yake kwenye kikapu, aliinunua kwa pesa zake baada ya kuona mambo. Naandika hili kwa makusudi: mwezi wa kumi wa 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku kule Goma, watu wakiwa wamesimama pwani wanaangalia. Ukienda, vaa jile. Wakikucheka, acha wacheke.

Safari inaanza asubuhi kwa sababu ya upepo. Kiangazi, kapiteni alisema, ziwa linakuwa zuri mpaka saa nne, tano hivi. Baada ya hapo upepo unaamka na mawimbi yanakuwa mafupi na yenye hasira. Tulipotoka maji yalikuwa kama mafuta. Na hapo, dakika kumi tu kutoka gatini, nilipata somo la kwanza: sijawahi kuuona mji wangu.

Tunasema Bukavu ina peninsula tano, inaingia majini kama mkono wenye vidole. Nimeliandika sentensi hilo mara ngapi. Lakini ukiwa barabarani Bukavu ni kupanda na kushuka, vumbi, motari wa pikipiki wanaokukata mbele, na ziwa linajitokeza kwa mapengo kati ya kuta. Ukiwa majini ndipo unaona vidole. Unaona peninsula ya La Botte inavyojinyosha, kijani kibichi, na nyuma yake vilima vya Kadutu vyenye mabati yaliyobanana hadi juu, hakuna hata mti. Unaona pia mto Kahwa unavyotapika chupa za plastiki, zinaelea kwa mstari mrefu, rangi zote, kama mkufu. Mbuzi aliziangalia. Mimi pia niliziangalia, maana baadhi ni zangu.

Kushoto, Ishungu. Kulia, upande wa Rwanda, kisiwa cha Nkombo na peninsula ya Nyamirundi. Kijana wangu, ambaye darasani hasemi, alikuwa amekaa mbele kabisa na alikuwa ananitajia visiwa bila kuulizwa: Iko, Ishovu, Ibinja. Anasema majina kama mtu anayetambulisha wajomba. Nikamuuliza mbona kwenye mtihani alipata nane juu ya ishirini. "Madamu, kwenye mtihani mulitaka kilomita."

Karibu masaa matatu baadaye tukafika kusini mwa Idjwi. Gatini kijana mwenye daftari la risiti alinisimamisha, akasema kuna kodi ya mgeni, franka elfu tano. Nikaanza kufungua mkoba. Shangazi akamgeukia na kumwambia mambo kwa Kihavu. Mimi ni Mushi, na Kimashi na Kihavu ni ndugu, kwa hiyo nilielewa kama nusu, na hiyo nusu inatosha, siwezi kuiandika hapa. Daftari likarudi mfukoni.

Sasa niseme jambo ambalo halikunipendeza. Saa ya kwanza kisiwani niliona nimedanganywa. Nilitegemea kuhisi kisiwa. Badala yake ilikuwa njia ya udongo mwekundu, migomba, muhogo, shule yenye madirisha bila vioo, watoto wanaokufuata wakisema "mugeni, mugeni", motari mmoja aliyelala juu ya pikipiki yake. Ungeniamsha hapo ghafla ningesema niko Kabare, kule bara. Maji hayaonekani! Unapanda, unapanda, viatu vyangu vya darasani vinateleza (nilivaa viatu vya darasani, usiniulize kwa nini), na pande zote ni migomba tu.

Halafu tukafika mgongoni. Hakuna kibao, hakuna kibanda, ni mahali tu ambapo njia inapita juu kabisa na akina mama wanatua mizigo kupumzika. Magharibi, maji. Mashariki, maji. Mlima Kahuzi, mita 3,308, ulikuwa umesimama ng'ambo kama umechorwa kwa mkaa kwenye karatasi ya kijivu. Kaskazini moshi wa kiangazi ulikuwa umefuta kila kitu, volkano sikuziona. Nilikaa chini kwenye jiwe na shangazi akadhani nimechoka.

Sikuchoka. Nilikuwa naona kitu ambacho nimekifundisha bila kukielewa. Daftari la watoto linasema hivi: zamani mito ya huku ilielekea kaskazini, volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa mabondeni mpaka yakapata mlango wa kutokea upande wa kusini, pale Bukavu, ndiyo Ruzizi inayoteremka hadi Tanganyika. Vizuri. Lakini juu ya ule mgongo unaona kwamba ghuba za Idjwi, zile zinazoingia ndani kama meno, ni mabonde. Ni mabonde ya kawaida, yenye miteremko miwili na mahali pa kijito katikati, ila yamezama nusu. Na vidole vya Bukavu ni vilima vile vile vya kawaida, maji yamefika kwenye mbavu. Hakuna aliyekuja kuweka kisiwa katikati ya ziwa. Huu ni mlima uliokuwepo, ukanyanyuliwa kati ya nyufa mbili za bonde la ufa, kisha maji yakaja kuukuta. Ndiyo maana unapotembea ndani yake unajisikia uko mlimani. Uko mlimani.

Kijana akaniuliza, "Sasa munaona kule chini?" Akanionyesha ncha ya kusini. Kweli, nilikuwa naichora vibaya. Mimi huimalizia kwa duara, kama mkia wa samaki uliokatwa. Imechanwachanwa.

Koko wake, yaani bibi yake, anakaa chini ya mteremko, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba na kahawa. Sitaeleza mapokezi yote. Nilipewa kiti pekee chenye mgongo, hapo umeelewa. Bugali ya muhogo, sambaza zilizokaangwa hadi zikalia mdomoni, pilipili, ndizi. Aliniuliza kama mume wangu aliniruhusu kuja kuangalia mawe na maji. Nikamwambia mume wangu anaogopa boti. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia zaidi. Mjomba wa kijana, mvuvi, alitupeleka kwa mtumbwi kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele ya pwani yao. Kwenye ramani yangu hakipo. Nilipouliza jina, watu watatu walinipa majina matatu. Kazi yake kubwa ni mbuzi: wanapelekwa kwa mtumbwi, wanaachwa huko siku kadhaa kula majani, hakuna shamba la mtu watakaloharibu na hakuna mwizi anayependa kuogelea na mbuzi. Tulipofika walitujia mbio wote saba, wakidhani tumekuja kuwachukua.

Unakizunguka kwa dakika kumi na tano ukitembea polepole. Upande mmoja ni majani mafupi yaliyonyolewa na mbuzi, laini kama zulia. Upande wa pili ni mawe makubwa, yamepakwa weupe na ndege. Kuna wale weusi wanaosimama na mabawa wazi kama mtu anayekausha koti, na yule mdogo wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani, mabawa yanatetemeka, halafu anajitupa majini kichwa mbele. Nilimhesabia: mara kumi na moja alijitupa, mara mbili alitoka na kitu. Mjomba alisema sisi wavuvi ni hivyo hivyo.

Maji pale ni angavu kuliko nilivyofikiri maji ya ziwa letu yanaweza kuwa. Nilifunga kitenge kifuani, nikaingia mpaka kifuani, nikaona vidole vya miguu yangu, na kaa mdogo akipita kando yake kana kwamba ana haraka ya kwenda kazini. Kivu haina mamba, haina viboko, hiyo kila mtoto anaijua, kwa hiyo hofu yangu yote niliiweka kwenye kina. Kijana alikuwa ameshafika mbali, kichwa tu kinaonekana. Akapiga kelele: "Madamu, musipite lile jiwe, pale chini inakatika!" Nikasimama kama mti. Ziwa hili kaskazini linashuka zaidi ya mita 450, huku kusini ni fupi kuliko hapo, lakini kwa mtu kama mimi mita tatu na mita 450 ni kitu kimoja. Nilibaki nyuma ya jiwe langu, maji yakinisukuma polepole na kunirudisha. Sijui nilikaa humo muda gani. Ngozi ya vidole ilijikunja. Mbuzi walikuwa wamepanga mstari ukingoni, wananiangalia.

Mjomba alikuwa anashona nyavu kwenye kivuli pekee, chini ya mkaratusi mmoja. Mbele ya pwani ilikuwa imetia nanga mitumbwi yao: mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine imechomoza mbele na nyuma kama sharubu za panzi. Wavu unaning'inia katikati. Usiku wanawasha taa, sambaza wanaifuata nuru, wavu unapandishwa kutoka chini. Zamani ilikuwa taa za petroli, siku hizi ni balbu za betri. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, maana samaki wanatawanyika, hawaoni sababu ya kuijia taa ya mtu wakati mbingu nzima ina mwanga.

Baba yake mzee alikuwepo pia, na alinisahihisha kitu kingine. Nilisema sambaza ni samaki wa asili wa Kivu. "Hapana, Madamu. Ule samaki ni mukimbizi kama wengine." Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye alikuwa mtoto, kabla ya hapo katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuvua, watu walivua pembeni. Nilipofika nyumbani nilitafuta, na mzee alisema kweli. Chakula ambacho tunakiita chetu kabisa, ambacho Mbukavu akienda ugenini anatumiwa kwenye mfuko wa plastiki mara tatu, kina umri wa kumzidi mama yangu kidogo tu.

Usiku huo mwezi haukuwepo. Tulikaa na koko nje, tumbo zimejaa. Taa zikaanza kuwaka majini, moja, nne, kumi, mpaka ilikuwa kama kuna mji mwingine huko chini, na sauti za wavuvi wakiimba kwa kupiga kasia zinakuja na kupotea. Nikasema ni vizuri sana. Koko akanyamaza kidogo. Akasema zamani usiku kama huo zilipita pia mitumbwi isiyo na taa, imebeba kahawa kwenda Rwanda, maana huku kahawa haikuwa na bei. Na wengine hawakurudi. Alitaja wawili kwa majina, wa mji wake. Siku hizi wanapeleka kahawa yao mahali pa kuosha, kwa ushirika, na malipo yanakuja, hata kama yanachelewa. Halafu akaniuliza kama nataka chai nyingine. Vita, alisema, walivisikia kutoka ng'ambo, kama mtu anayegongagonga mlango wa jirani.

Tulipaswa kurudi siku ya tatu. Upepo uliamka mapema, boti haikutoka, tukalala siku moja zaidi, na mimi sikuwa na nguo nyingine. Koko alinipa kitenge chake. Nilitembea pwani nzima nikiwa nimevaa kama mkwe wa kijiji, na watu walinisalimu vizuri kuliko siku ya kwanza.

Kama unataka kwenda: viatu vyenye meno, koti la asubuhi, maji ya kunywa, pesa ndogo ndogo kwa sababu hakuna anayeweza kukuvunjia noti ya dola. Usipange kurudi siku ambayo lazima urudi. Na usimuulize mtu "vivutio viko wapi"; mimi niliuliza, nikaonyeshwa dispensari.

Mananasi niliyarudisha sita, kwenye kikapu cha koko. Siwezi kuyaeleza, nenda kayale. Mwezi wa kumi nikachora tena Idjwi, safari hii kusini nimeipasua vizuri, na yule kijana, ambaye sasa yuko darasa jingine, nilimwita wakati wa rekreasyo aje aangalie. Aliangalia muda mrefu. Akachukua chaki, akaweka nukta moja kando ya pwani, ndogo, akapangusa vidole kwenye suruali.

Nikampa kikapu cha bibi yake, nimekijazia sukari, chumvi na sabuni, nikamwambia shangazi yako akivuka ampelekee. Kesho yake alikirudisha, na kila kitu ndani.

"Koko amesema mukilete wenyewe."